Mageuko ya Viumbe na Ukuaji wa Biashara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudiwa na wanafunzi, wenye maduka, wanachama wa sako (vyama vya akiba na mikopo) na watu waliosikia kwamba soko hubadilika kama viumbe wanavyobadilika, wakataka kujua maana yake hasa. Mifano mingi ni ya Mombasa, maana bandari, matatu na mikoko viko karibu na kila mmoja anaweza kwenda kujionea. Jibu likielekeza kwenye swali jingine, fuata namba.

## Misingi

1. Viumbe na biashara vinafanana kwa lipi hasa?

Vinafanana katika namna ya kubadilika. Mahali popote mambo matatu yakikutana, mabadiliko hutokea hata kama hakuna aliyeyapanga. La kwanza, wahusika wanatofautiana. La pili, tofauti hizo zinarithiwa au zinaigwa. La tatu, baadhi ya tofauti zinamfanya mwenye nazo adumu na aenee kuliko wenzake. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, hakuna mageuko. Kuna mabadiliko ya kawaida tu.

Pita hori ya Tudor maji yakipwa, utazame mikoko. Mililana husimama mbele, inakofunikwa na maji muda mrefu, mikoko yenyewe katikati, mikandaa nyuma kwenye udongo unaokauka. Hakuna aliyeipanda kwa safu. Mbegu huelea na kutua kila mahali, na zile zilizotua pasipozifaa hufa. Vivyo hivyo hakuna ofisi iliyoamuru leso na vikoi viuzwe Biashara Street. Walioanza hapo walipata wateja, wateja wakavuta wauzaji wengine, na aliyefungua duka la leso mbali na wenzake akawa hana wa kumtembelea.

2. Nani aliazima kwa nani, wachumi au wanabiolojia?

Wachumi walitangulia, na wengi hushangaa kusikia hivyo. Adam Smith alieleza mwaka 1776 jinsi watu kumi wakigawana kazi ya kutengeneza pini walivyoweza kutoa pini 48,000 kwa siku, ilhali mmoja peke yake asingefikisha 20. Mwaka 1827 Henri Milne-Edwards, mwanazuolojia wa Ufaransa, aliichukua fikra hiyo ya mgawanyo wa kazi akaieleza ndani ya mwili wa mnyama. Thomas Malthus naye alikuwa ameandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kuliko chakula. Charles Darwin, mwanasayansi aliyeeleza mageuko ya viumbe, aliisoma hoja hiyo mwaka 1838 ikamfungua macho. Hoja yake na ya Alfred Russel Wallace zilisomwa pamoja London mwaka 1858, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata.

Deni lilianza kulipwa karne iliyofuata. Mwaka 1950 mchumi Armen Alchian alionyesha kwamba hata wafanyabiashara wote wakiwa wanabahatisha, soko litawabakisha waliopata faida, na mtazamaji atakayekuja baadaye atadhani walikuwa na hesabu kali tangu mwanzo. Hoja hiyo inafaa kukumbukwa kila unapomsikia tajiri akieleza siri za mafanikio yake.

3. Biashara haina jeni, yale maagizo ya kurithi yaliyo ndani ya seli. Sasa kinachorithiwa ni nini?

Ni taratibu: namna ya kufanya jambo inayoweza kufundishwa, kuandikwa au kuibwa kwa macho.

Chukua kibanda cha viazi karai. Viazi huchemshwa hadi viive bila kuvurugika, humenywa, huchovywa kwenye rojo la unga wa ngano, manjano, chumvi na maji ya ndimu, kisha hutiwa kwenye karai la mafuta yaliyopata moto. Rojo likiwa jepesi huteleza na kiazi hubaki uchi. Likiwa zito, nje huiva na ndani yake hubaki unga mbichi. Mafuta yasipopata moto vizuri, kiazi hunywa mafuta na mteja harudi. Kibanda, karai na mwenye kibanda ni mwili. Kipimo cha rojo, chatini ya ukwaju, saa ya kufungua na kanuni ya nani akopeshwe ndizo jeni. Mwenye kibanda anaweza kuiacha kazi, lakini kipimo chake kikaendelea kuishi Bamburi, kwa msaidizi aliyetoka akafungua kibanda chake.

Msaidizi huyo atabeba pia taratibu zisizo na faida. Kama tajiri wake alikuwa akifunga Jumatano kwa sababu siku hiyo ana darasa, yeye naye anaweza kufunga Jumatano bila kujua sababu. Wanabiolojia wanalifahamu jambo hili: jeni lisilo na faida yoyote huenea kwa kuwa tu limekaa jirani na jeni lenye faida kwenye kromosomu moja, yaani uzi mmoja unaobeba jeni. Kwa hiyo ukiiga biashara iliyofanikiwa hadi rangi ya ukuta, bado hujajua ni kipi kilichoifanikisha. Ili ujue, linganisha vibanda vinavyotofautiana kwa jambo moja (tazama swali la 19).

4. Mambo mapya hutoka wapi?

Kwa viumbe, hutoka kwenye makosa ya kunakili jeni na kwenye kuchanganyika kwa jeni za baba na mama. Makosa hayo hayalengi kitu. Mengi hayana athari, baadhi yana madhara, machache yana faida.

Kwenye biashara kuna njia hizo mbili na ya tatu. Kuna kukosea: fundi hakumbuki kipimo, anapata kitu tofauti, kinapendwa. Kuna kuchanganya: duka la chakula linaongeza uwakala wa M-Pesa. Na kuna kujaribu kwa makusudi, jambo ambalo jeni haliwezi. Hata hivyo nia njema haihakikishi matokeo. Anayebuni anajua anachokitaka, lakini hajui wateja watakichukuliaje, na ndiyo sababu majaribio mengi ya makusudi huishia kufungwa kama yale ya bahati nasibu.

5. Na anayechuja ni nani?

Ni wengi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu hurahisisha mno. Mteja anachuja kwa pesa yake. Mwenye nyumba anachuja kwa kodi. Benki na chama huchuja kwa kumkopesha huyu na kumnyima yule. Kaunti inachuja kwa leseni, forodha kwa ushuru, na baba mkwe anaweza kuchuja kwa kukataa kutoa mtaji. Biashara iliyosimama imepita kwenye vichujio vyote hivyo, na huenda ilipita kwa sababu isiyohusiana kabisa na ubora wa bidhaa.

Kuchuja huku wanabiolojia hukuita uteuzi. Kuna pia uteuzi wa mvuto. Mkia wa tausi dume humlemea na humwonyesha kwa adui, lakini majike huupenda. Michoro na muziki wa matatu ni jambo la aina hiyo hiyo: rangi, taa na spika haziongezi mwendo wala usalama, ila abiria kijana huacha gari lenye nafasi akangoja lile lililopambwa. Gharama yenyewe ndiyo ujumbe, kwa maana asiye na kitu hawezi kuibeba.

6. Mabadiliko huchukua muda gani?

Hesabu ni ile ile pande zote mbili. Tuseme aina mpya ni 1 kati ya 100, na kila kizazi inaongezeka kwa asilimia 1 zaidi ya aina ya zamani. Ili ifike 99 kati ya 100, uwiano wake na ile ya zamani lazima ukue mara 9,801, na hilo huchukua vizazi takriban 924. Faida ikiwa asilimia 10, huchukua takriban 96.

Kinachotofautisha ni urefu wa kizazi. Kwa tembo, kizazi ni zaidi ya miaka 20. Kwa bakteria katika hali nzuri ni nusu saa au chini. Kwa taratibu ya dukani, kizazi ni muda ambao jirani huchukua kuona na kuiga, labda wiki moja. Faida ndogo isiyoonekana kwa macho inatosha kubadilisha mtaa mzima, mradi izidi kurudiwa.

## Jinsi shirika linavyojengeka

7. Kwa nini kuna kampuni? Si kila mtu angeuza huduma yake sokoni tu?

Mchumi Ronald Coase aliuliza swali hili mwaka 1937, na mwaka 1991 akapewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Jibu lake ni kwamba kulitumia soko kuna gharama. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Changamwe anayekodi lori kwa kila safari hulipa nauli, na juu yake hulipa muda wa kulitafuta lori, kubishana bei, kuhakiki kwamba dereva ni mwaminifu na kufuatilia mifuko ya simiti ikipungua njiani. Akinunua lori lake, gharama hizo zinapungua, lakini zinaingia nyingine: mshahara wa dereva na tanboi, bima, leseni, tairi, na siku ambazo lori linalala bila mzigo. Mpaka wa kampuni hukaa pale gharama hizi mbili zinapokutana.

Ukitaka kuipima biashara yako, andika safari zote za miezi mitatu. Kwa kila safari weka nauli, saa zilizopotea kutafuta gari na thamani ya mzigo uliopungua. Upande wa pili weka gharama kamili ya kumiliki gari kwa miezi hiyo hiyo, pamoja na siku za kulala. Wengi hukosea kwa kusahau siku za kulala.

Seli nayo ina utando unaochagua kiingie nini na kitoke nini, na haiwezi kukua bila kikomo. Kipenyo kikizidi mara mbili, eneo la utando huzidi mara nne, lakini ujazo wa ndani huzidi mara nane, kwa hiyo chakula kinachopita kwenye utando hakitoshi tena. Meneja mmoja hupatwa na jambo hilo hilo. Wafanyakazi wakiongezeka, mahusiano ya kufuatilia huongezeka haraka zaidi kuliko saa zake za siku. Seli hujigawanya au hubadili umbo. Kampuni hufungua matawi.

8. Mgawanyo wa kazi bandarini unafanana na wa mwili?

Kwa kiasi kikubwa. Mwili wa binadamu una seli zaidi ya trilioni 30 za aina takriban 200, zote zimetokana na seli moja. Kontena moja likifika Kilindini hupitia kwa nahodha, rubani wa bandari, mwendesha winchi, karani, wakala wa forodha, afisa wa ushuru, dereva wa lori na wapakuzi. Kila mmoja ni hodari kwa kipande chake na hana uwezo wa kulitoa kontena peke yake.

Bei ya umahiri huo ni utegemezi. Seli ya moyo ikitolewa nje hufa, na wakala wa forodha mfumo wa kompyuta ukizima hana la kufanya siku nzima. Meli ya kwanza ya Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori wa Marekani, iliposafiri na makontena 58 kutoka Newark hadi Houston mwaka 1956, ilikuwa mwanzo wa kuondoka kwa kiungo kizima: makuli waliokuwa wakibeba magunia mgongoni katika kila bandari ya dunia. Ustadi wao haukupungua. Kazi iliyouhitaji ndiyo iliyoondoka.

9. Inakuwaje wadogo waliokuwa huru wawe kitu kimoja?

Mfano mkubwa kuliko yote umo ndani ya seli zetu. Mitokondria zinazotupa nguvu zilikuwa bakteria waliojitegemea, wakamezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, wasife. Mwanabiolojia Lynn Margulis aliitetea hoja hii mwaka 1967 wakati wengi walipoikataa. Mitokondria ya binadamu imebaki na jeni 37 tu. Nyingine zilipotea au zilihamia kwenye kiini cha seli.

Sasa tazama matatu. Mwaka 1973 ziliruhusiwa kubeba abiria bila leseni maalumu, na kila mwenye gari akawa mfalme wa gari lake. Kanuni za 2014 za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama zilitaka kila gari la abiria liwe chini ya kampuni au sako yenye magari yasiyopungua 30. Mwenye gari moja alilazimika kumezwa. Zilizohamia ofisini ni zile kazi ambazo kila mmoja alikuwa akirudia peke yake: foleni ya steji, faini, bima, akiba na mikopo. Zilizobaki garini ni zile zinazohitaji uamuzi wa papo hapo: kupita njia gani, kungoja abiria dakika ngapi. Sako zinazovurugika mara nyingi zimekosea mgawanyo huo. Ofisi inataka kuamua hata dakika za kungoja, au madereva wanataka kushika hata fedha za akiba.

10. Kama uteuzi unafanya kazi, kwa nini mambo mabovu hudumu?

Kwa sababu mageuko hurekebisha kilichopo, hayabomoi na kuanza upya. Neva ya koo ya twiga hutoka kichwani, hushuka shingo yote hadi kifuani, huzunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, kisha hupanda tena hadi kooni. Ni zaidi ya mita 4 kwa safari ambayo ingeweza kuwa ya sentimita chache. Kwa samaki waliotangulia, njia ile ilikuwa fupi. Shingo iliporefuka, kila hatua ilikuwa rahisi kuirefusha neva kidogo kuliko kuikata na kuiunga upya.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ilitumia upana wa milimita 1,000, kwani vifaa na mafundi vilitoka kwenye reli za India za upana huo. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Matokeo yake, mzigo wa Uganda uliofika Naivasha kwa SGR lazima uhamishiwe kwenye behewa la reli ya zamani au kwenye lori. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake kwa wakati wake. Mapengo kati yao ndiyo yanayolipiwa leo.

11. Kitu kinaweza kuanza na kazi moja kikaishia na nyingine?

Mara nyingi sana. Manyoya yalikuwepo kwa dinosau wasioruka, na huenda yalianzia kwenye kuhifadhi joto. Kuruka kulikuja baadaye. M-Pesa ilijaribiwa kama njia ya wakopaji wadogo kulipa mikopo yao. Katika majaribio watu wakawa wanaitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kwa kazi hiyo. Hapakuwa na sababu ya kuwalazimisha warudi kwenye kusudi la awali, na aliyeliona hilo mapema alikuwa na hekima.

## Kushirikiana na kudanganyana

12. Kwa nini upatu unapatikana karibu kila mahali?

Papa ni samaki, pomboo ni mnyama anyonyeshaye, na bado wana umbo moja, kwani maji huwabana wote kwa namna moja. Upatu wa Waswahili, hagbad ya Wasomali, ekub ya Ethiopia, susu ya Ghana na stokvel ya Afrika Kusini zimekuwa na umbo moja kwa sababu tatizo ni moja: watu wenye kipato kidogo cha mara kwa mara wanaohitaji fungu kubwa kwa mara moja, na benki haiwataki. Huenda baadhi ziliigana kupitia biashara na ndoa. Lakini hata pasipo kuigana, tatizo lenyewe lingewasukuma huko.

13. Mdanganyifu huzuiwaje?

Anza na hesabu. Wanachama 12 wa upatu wanatoa shilingi 1,000 kila wiki, na kila wiki mmoja wao hupokea zote kwa zamu. Wa kwanza anapokea 12,000 akiwa ametoa 1,000, kwa hiyo ana deni la 11,000 kwa wenzake. Wa mwisho ametoa 11,000 kabla ya kushika chochote. Kishawishi cha kukimbia ni kikubwa kwa anayetangulia na kinapungua kila wiki. Kutokana na hapo, vyama vinavyodumu huwa na taratibu zinazofanana: mgeni hupangwa mwisho, anayetaka kutangulia huleta mdhamini aliye ndani ya chama, kiasi huanza kidogo na kupandishwa mzunguko wa pili, na ratiba huendelea bila tarehe ya mwisho inayojulikana.

Jambo la mwisho ndilo husahauliwa. Mwaka 1980 Robert Axelrod alichapisha matokeo ya mashindano ya programu za kompyuta zilizokutana mara nyingi, kila moja ikichagua kushirikiana au kusaliti. Iliyoshinda, ya Anatol Rapoport, ilikuwa fupi kuliko zote: shirikiana kwanza, kisha mtendee mwenzio alivyokutendea mara iliyopita. Inafaa pale tu watu wanapotarajia kukutana tena. Chama kikitangaza kwamba kinavunjwa Desemba, tarajia michango ianze kuchelewa Oktoba.

Adhabu nazo ziwe za kupanda ngazi: faini ndogo, kisha kurudishwa nyuma kwenye foleni, kisha kutolewa. Kumfukuza mtu kwa kuchelewa siku moja kunavunja chama haraka kuliko mchelewaji mwenyewe.

Kadiri kundi linavyokua, ulinzi lazima ukue. Saratani ni seli zinazosaliti mwili kwa kujiongeza bila kujali wenzake. Tembo ana seli nyingi mno kuliko sisi na angetarajiwa kuugua zaidi, lakini haugui zaidi. Ana takriban nakala 20 za jeni TP53 linaloua seli zilizoharibika, sisi tunayo moja kutoka kwa kila mzazi. Sako iliyotoka wanachama 30 ikafika 300 huku mkaguzi ni yule yule mmoja iko mashakani.

14. Dalali ni kimelea?

Inategemea, na kipimo kipo. Kwenye miamba ya matumbawe kuna kisamaki chembamba chenye mstari mweusi kinachowasafisha samaki wakubwa vimelea. Wote wawili hufaidika. Mara nyingine kisamaki hicho huuma ute wa mteja, ambao ni mtamu kwake kuliko vimelea, na mteja hushtuka akakifukuza au akaenda kwa msafishaji mwingine. Tena kuna samaki wa aina nyingine kabisa mwenye rangi zile zile, anayemwendea mteja kana kwamba anakuja kumsafisha, halafu akang'ata kipande cha pezi.

Dalali wa soko la Kongowea anayejua nani ana nyanya na nani anazitaka anaondoa gharama zilizoelezwa katika swali la 7, na asilimia yake ni halali. Uliza mambo matatu. Je, muuzaji anaweza kumkwepa akitaka? Je, bei anayompa mkulima na anayomtoza mnunuzi zinajulikana? Je, akikosea anapoteza wateja? Majibu yote matatu yakiwa la, huyo ni mng'ataji aliyevaa rangi za msafishaji.

## Mazingira yakibadilika

15. Mgeni akiingia sokoni, ni kama spishi vamizi?

Mara chache. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wanaojaa Mombasa si wa hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na Mombasa walionekana mwaka 1947. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Lakini chakula chao kikuu ni taka zetu. Kuwaua bila kufunika majalala ni kufungua nafasi kwa kizazi kijacho.

Biashara mpya huwa mvamizi inapokuja na silaha ambayo wenyeji hawakuwahi kuikabili, kwa mfano uwezo wa kuuza kwa hasara miaka mitatu hadi wenzake wafunge. Ikiwa inashinda kwa huduma bora tu, huo ni ushindani wa kawaida. Lakini kabla ya kuilaumu, tazama nafasi iliyoingilia: nani aliiacha wazi?

16. Serikali ikibadilisha kanuni kwa ghafla, nini hutokea?

Mwaka 2019 ilipotolewa amri makontena ya Nairobi yapitie SGR, pigo halikuishia kwa wenye malori. Lori moja la masafa hulisha dereva, tanboi, fundi wa tairi, kituo cha mafuta, bohari ya makontena, mama wa chakula na nyumba za kulala wageni njiani. Watu wa Mombasa waliandamana mwaka huo, na Septemba 2022 rais mpya alitangaza kurudisha huduma za kutoa mizigo Mombasa. Ukimwondoa kiumbe ambaye wengine wengi wanamtegemea, hesabu ya hasara huonekana kwa wale ambao hukuwafikiria. Anayepanga kanuni alipaswa kuandika orodha hiyo kabla ya amri.

17. Kufungwa kwa biashara ni sawa na kutoweka kwa spishi?

Biashara moja kufungwa ni kama kiumbe mmoja kufa. Kutoweka ni taratibu yenyewe kupotea. Vibanda vya simu ya jamii viliondoka simu za mkononi ziliposhuka bei, lakini mahali pale pale na mara nyingi kwa watu wale wale wakatokea mawakala wa M-Pesa, kwa hiyo ujuzi wa kukaa dirishani na kuhesabu chenji uliendelea.

Mtepe, chombo cha baharini cha zamani cha Waswahili, haukuwa na bahati hiyo. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kwa hiyo ulipogusa mwamba ulinepa badala ya kupasuka. Tatizo ni kwamba ulivuja na kamba zilihitaji kushonwa upya mara kwa mara, ilhali jahazi la misumari lilibeba zaidi na kudumu. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imekwisha baharini. Ujuzi wake ulikaa mikononi mwa mafundi, na mafundi wakiondoka bila wanafunzi hakuna karatasi ya kuurudisha. Mwenye ufundi wa aina hiyo leo aupige picha, aupime na aufundishe angali hai.

## Mipaka na utata

18. Je, maana yake mnyonge aachwe aanguke?

La. Mwanafalsafa wa Uingereza Herbert Spencer alibuni mwaka 1864 msemo wa kubaki kwa wanaofaa zaidi, na kuna waliougeuza ruhusa ya kuwakanyaga maskini. Mwaka 1907 jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu walioitwa wasiofaa. Ni dhuluma iliyovishwa joho la sayansi.

Kosa liko wazi. Kufaa kwa maana ya biolojia ni kuacha wazao wengi katika mazingira fulani, basi. Kupe anafaa. Neno hilo halisemi lolote kuhusu haki wala thamani ya mtu. Isitoshe, kwa biashara vichujio tunavitengeneza wenyewe (swali la 5), kwa hiyo tunaweza kuvibadilisha. Sheria ikikataza kuwatumikisha watoto, mwenye kiwanda aliyekuwa akishinda kwa njia hiyo hashindi tena.

Mlinganisho unavunjika mahali pengine pia. Mtu hujifunza mchana akamfundisha mwenzake jioni, wakati jeni halirithishi ulichojifunza. Biashara mbili za aina tofauti kabisa huungana, jambo ambalo mbuzi na ng'ombe hawawezi. Kampuni haina umri wa lazima wa kufa. Na serikali inaweza kuokoa benki inayoanguka. Kwa twiga hakuna dhamana.

19. Nataka kufanya uchunguzi mdogo mwenyewe. Nifanyeje?

Chagua aina moja ya biashara kwenye barabara moja, vibanda 20 hadi 30. Andika taratibu tano zinazoonekana: saa ya kufungua, kukopesha au kutokopesha, kupima kidogo kidogo, kupokea M-Pesa, kuwa na msaidizi. Rudi baada ya miezi mitatu na baada ya sita. Weka alama nani ameongeza taratibu gani, ameiona kwa nani, na nani amefunga.

Kosa kubwa ni kuwahesabu waliobaki peke yao. Ukikuta wote waliofanikiwa wanakopesha, utadhani kukopesha kunaleta mafanikio, wakati huenda waliofunga nao walikuwa wakikopesha. Waliofunga hawapo kibandani kukujibu; muulize mwenye nyumba, jirani na aliyechukua nafasi yao, na uandike sababu kila mmoja anayoitoa, kwa maana hazitakuwa sawa. Kosa la pili ni kuchukua miezi sita inayoangukia Ramadhani na likizo za Desemba bila kuweka alama. Mauzo ya jioni katika miezi hiyo hayafanani na ya miezi mingine.

20. Mlinganisho huu unanilazimisha niamini jambo fulani kuhusu asili ya mwanadamu?

Haukulazimishi. Kwa upande wa biashara unahitaji kukubali mambo matatu ya swali la 1 tu, na yote yanaonekana kwa macho: mfugaji anayechagua beberu wa kupandisha, daktari anayekuta dawa haiui tena bakteria, muuza viazi anayemwiga jirani. Jinsi mtu anavyoyaunganisha hayo na imani yake kuhusu kuumbwa kwa mwanadamu ni mazungumzo mengine, yafanywe na wenye elimu ya dini kwa heshima, na mlinganisho wa kiuchumi hauyatolei hukumu.